Moja Kumi na Saba

Kibosho Umbwe
14 Januari 2024

Mwalimu Ndelilio,

Shikamoo. Nimesikia unaumwa, nikaona nikuandikie mapema: usife kwanza. Kazi uliyonipa haijaisha.

Mimi ni Kornelia, binti wa mzee Martin, kidato cha tatu B, mwaka 1991. Kama umesahau si ajabu, mtenda husahau, mtendwa hasahau. Uliandika ubaoni moja kumi na saba zilizofuatana, 11,111,111,111,111,111, ukatugeukia ukasema hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Umeijaribu, Mwalimu?" Sikuuliza kwa jeuri. Nilitaka kujua ulifanyaje ili na mimi nijue kufanya. Ukanichapa viboko vinne mbele ya wavulana thelathini na wanane, ukasema kichwa changu kimeumbwa kubebea mikungu ya ndizi, kisha ukanitoa nje. "Usirudi darasani kwangu mpaka uje na kigawanyo chake."

Baba akaja kukuomba. Alikuja na jani la isale mkononi na dumu la pombe ya mbege, mzee wa watu, akainama mbele yako. Wewe ni mtoto wa mlima huu. Unajua kwamba hata aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa isale, husamehe. Ukamrudishia jani lake ukasema hapa ni shule, si kwa mganga. Tulipofika nyumbani Baba akaniambia amerudishiwa isale, hana tena uso wa kukanyaga pale. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimeolewa.

Basi nikaanza kuigawa ile namba, na mpaka leo naigawa. Mwaka 1994 padre mmoja mzee aliyefundisha seminari alinikuta na daftari nje ya kanisa. Akacheka, halafu akanionyesha jambo: kigawanyo chochote cha moja kumi na saba, ukikigawa kwa thelathini na nne, lazima kibakize moja. Kwa hiyo sihangaiki na namba zote, naenda kwa kuruka thelathini na nne. Zinazoishia na tano naziacha, zinazogawanyika kwa tatu naziacha, zilizosalia nazigawa kwa mkono, tatu kwa siku nikishamaliza kukamua ng'ombe. Marehemu mume wangu Filemon alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe anaandika novena.

Nimepita milioni mbili na elfu hamsini. Kama ulisema kweli na kigawanyo hakipo, nitajua hilo nikifika milioni mia moja na tano, na huko sitafika mimi wala wajukuu zangu. Lakini kama kipo, nitakikuta.

Ninachotaka ni kimoja. Siku nikikipata, nitakuja Machame, na wewe utasimama mbele za watu useme kwamba Kornelia aliuliza swali la haki. Useme ukiwa hai. Kwenye kaburi lako sina la kufanya.

Usinipigie simu, sauti yako sitaki kuisikia. Andika, umpe mkwe wangu Flavia. Anauza ndizi Kwa Sadala kila siku ya soko.

Kornelia

*

Machame
2 Februari 2024

Kornelia,

Marahaba. Bado sijafa. Nimefundisha miaka thelathini na sita, nimechapa watu ambao leo ni mapadre, mahakimu na wezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kunipangia siku ya kufa. Wewe ni wa kwanza. Hongera.

Nakukumbuka. Ulikuwa unakaa dirishani, unamaliza zoezi kabla sijamaliza kuliandika, halafu unanitazama. Mwalimu hapendi kutazamwa hivyo na mtoto wa miaka kumi na sita.

Sasa mgala muue na haki yake mpe. Barua yako ilipofika, mjukuu wangu Kindness, ambaye ananitunza hapa, aliiuliza simu yake kuhusu hiyo namba. Simu ilijibu kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Inagawanyika. Nilikosea mimi. Namba tasa ni ile ya moja kumi na tisa, niliisoma mahali nikiwa chuoni, nikachanganya, na wewe ukauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Sikuwa nimeijaribu.

Na kigawanyo chenyewe ninacho, nimekifungia kabatini. Miaka yako thelathini na mbili, simu imetumia muda wa kupiga chafya. Nikutumie upumzike, au unataka kuendelea kuhangaika na ng'ombe na hesabu mpaka uzeeke kabisa? Sema tu, wino ninao.

Kuhusu baba yako sina la kuandika leo.

Mwl. Ndelilio Nkya

*

Kibosho Umbwe
18 Februari 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Ukithubutu kuniandikia hiyo namba nitaitia barua jikoni bila kuifungua, na zote zitakazofuata. Simu ya mjukuu wako haikuchapwa viboko. Mimi nilichapwa, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeipata.

Niliposoma neno "inagawanyika" nilikaa chini kwenye majani ya ng'ombe nikalia. Nililia kwa furaha, halafu nikalia kwa hasira, maana nimeishi miaka yote hii nikijiuliza kama labda ulikuwa sahihi na mimi ni mwehu. Wewe umeliandika kwenye mstari mmoja, katikati ya kejeli zako.

Ila kuna jambo linalonitisha na ni lazima niliseme. Macho yangu yameanza kuchoka. Nikikosea kukopa siku moja, naweza kukipita kigawanyo bila kujua, halafu nikaendelea mbele mpaka nife, nikitafuta kitu nilichokwisha kukiacha nyuma. Katika ulimwengu ninaoujua, anayejua kilipo ni wewe peke yako. Nalichukia hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo sikiliza. Kila baada ya wiki mbili Flavia atakuletea karatasi. Kushoto ni namba niliyojaribu, kulia ni baki. Wewe ni mwalimu, sahihisha. Nikiwa sawa, weka vema. Nikiwa nimekosea, andika "Rudia". Usiandike kingine, usinidokeze nimekaribia au niko mbali. Siku sifuri itakapokaa upande wa baki tutakuwa tumemaliza.

Naiweka kazi ya maisha yangu mkononi mwako. Sina mtu mwingine wa kumpa.

Kornelia

*

Machame
10 Machi 2024

Kornelia,

Karatasi mbili nimezipitia. Zote vema. Saba zako bado zinafanana na moja, nilikuambia hilo tangu kidato cha kwanza.

Kindness anadai kwamba siku zikija karatasi zako namaliza chai yote na kuomba nyingine. Anasema uongo, ni chai ndiyo imekuwa nzuri.

Umesema nisiandike kingine, lakini mimi si karani wako. Hapa mvua zimechelewa. Kahawa ya upande wa juu imeshika maua mara mbili, jambo ambalo sijaliona tangu mke wangu azikwe. Nilikuwa nadhani nimebaki na kazi moja tu, ya kusubiri. Sasa nina mbili.

Kaza mwendo. Nina miaka themanini na moja.

Mwl. Ndelilio

*

Kibosho Umbwe
12 Mei 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Saba zangu naziwekea mkia tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza. Angalia vizuri unaposahihisha.

Ng'ombe mweusi amezaa, ndama ni jike. Karatasi ya wiki hizi ni hii, mistari ishirini na moja tu kwa sababu ya huyo ndama. Sijapata. Iangalie hii kuliko zote nilizowahi kukuletea, nakuomba. Nimeiandika nikiwa nimechoka.

Kornelia

*

Machame
25 Mei 2024

Kornelia,

Hongera kwa ndama. Mistari ishirini na moja, vema ishirini na moja. Hakuna cha kurudia. Endelea mbele.

Mwl. Ndelilio

*

Kibosho Umbwe
11 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeendelea mbele kama ulivyosema, na karatasi sita umenirudishia, zote vema. Leo nina swali moja, na nitaliuliza mara moja tu. Ile karatasi ya mwezi wa tano, uliisoma wewe mwenyewe, mstari kwa mstari?

Nijibu kama unavyomjibu Mungu.

Kornelia

*

Machame
30 Agosti 2024

Kornelia,

Unataka kumfundisha samaki kuogelea? Nilikuwa nasahihisha madaftari mia na ishirini kwa wiki kabla mama yako hajakubeba mgongoni. Nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa macho yangu mawili. Hakuna kosa.

Kama umechoka, sema umechoka. Usimsingizie msahihishaji.

Mwl. Ndelilio

*

Machame
3 Novemba 2024

Kornelia mwanangu,

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale. Nimelikata mwenyewe mpakani mwa kihamba changu, shamba nililorithi, asubuhi hii, na sijamwagiza mtu.

Siku ile baba yako aliponiletea lake nilijua ninachokifanya. Usije ukadhani sikujua. Walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama, nikaona haya kuonekana ni mtu wa majani. Nikamrudishia mzee wa watu jani lake ili wale wasinicheke. Nimeona aibu ya jambo hilo kila mwaka tangu mwaka ule. Wewe nilikukosea kwa hasira, na hasira ina mwisho. Baba yako nilimkosea nikiwa nimetulia kabisa. Yeye amekufa, kwa hiyo nalileta kwako.

Sasa lingine. Wanafunzi wangu wa zamani wameamua kunifanyia sherehe Desemba, watu wakishapanda nyumbani kwa Krismasi. Ni tarehe 27, hapa uwanjani kwangu. Jacob ndiye mwenyekiti wa kamati, yule wa darasa lenu aliyekaa dawati la mbele. Wanasema watakuja zaidi ya mia mbili. Watanipa blanketi, kiti na maneno mengi. Mimi nitaomba nisimame, na nitasema kwa kinywa changu kuhusu moja kumi na saba, na swali lako, na viboko, na isale la mzee Martin. Nataka uwe umekaa pale mbele.

Njoo na namba au njoo bila namba. Kama hujaipata usione aibu, kuchelewa si kosa.

Nijibu upesi. Kifua kimekuwa kibaya na baridi hii ya juu.

Mwalimu wako,
Ndelilio

*

Kibosho Umbwe
20 Novemba 2024

Mwalimu,

Leo sikuamkii.

Kigawanyo nilikipata tarehe 9 Mei, saa kumi jioni, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa. Niligawa mpaka mwisho, ikabaki sifuri. Nikarudia. Nikazidisha kurudi nyuma, zikatoka moja kumi na saba, zimejipanga zote. Nilicheka mpaka Flavia akaja mbio kuona nimepatwa na nini. Nilitaka kuja Machame jioni ileile kwa miguu. Viatu nilikuwa nimeshavaa.

Halafu nikakaa. Nikasema, huyu alinipima mimi, ngoja na mimi nimpime. Nikaandika karatasi ya mistari ishirini na moja, na kwenye mstari wa nne, palipotakiwa sifuri, nikaandika baki 1,035,861. Nikakuletea. Wewe unayo namba kabatini. Wewe ulikuwa unajua, kuliko mtu yeyote, kwamba mstari ule ni uongo. Ungeandika neno moja tu, "Rudia", ningekuja kwako na dumu la mbege kichwani, kichwa hikihiki ulichokitukana, na ningekuita baba.

Ukaweka vema.

Nikasema labda amepitiwa, ni mzee. Nikangoja miezi mitatu, nikakuletea karatasi sita za namba nilizozijaribu bila sababu, ili upate nafasi ya kujirudi. Zote vema. Nikakuuliza kwa jina la Mungu. Ukajibu umesoma mstari kwa mstari kwa macho yako mawili. Yaani uliniona nimekipita, ukanitazama nikienda zangu gizani, ukaniambia endelea mbele. Ulitaka nitafute mpaka nife. Viboko vilikuwa afadhali.

Sasa unaniletea isale. Unajua isale linavyoombwa: anayelileta hutaja kosa lake lote. Wewe umetaja la mwaka 1991, ambalo kila mtu analijua, ukaficha la mwaka huu, halafu ukaongeza kwamba nisione aibu. Isale la hivyo mtu hawajibiki kulipokea. Nimewauliza wazee wa ukoo wetu kabla sijaandika, nao wamesema hivyohivyo. Jani lako limo humu ndani.

Nimeshuka mjini Moshi nimetoa fotokopi kumi na mbili za karatasi ile ya Mei yenye vema zako nyekundu, na barua yako ya Agosti. Nimempelekea Jacob na kamati yake nzima. Nimewaandikia mstari wa nne una nini, nimewaambia wahakikishe wenyewe kwenye simu zao. Jacob amenipigia jana. Amesema hawezi kumvisha blanketi mtu wa namna hiyo. Sherehe haipo.

Nilikuandikia usife kwanza. Bado nasema hivyo. Ishi, Mwalimu. Ishi sana, ukae barazani kwako tarehe 27 utazame njia, uone nani anakuja kukuamkia.

Namba yenyewe sikuandikii. Unayo.

Kornelia

*

Machame
12 Januari 2025

Mama Kornelia,

Shikamoo. Nimelelewa kuamkia wakubwa, kwa hiyo nakuamkia. Mimi ni Kindness, mjukuu wa Mwalimu Ndelilio. Barua zake zote ulizopokea niliziandika mimi kwa mkono wangu, yeye akinitajia. Alinikataza nisikwambie. Sasa hawezi kunikataza.

Babu alikuwa haoni. Ni presha ya macho, ilimaliza jicho moja mwaka 2019 na la pili mwaka 2021. Hapa kijijini watu walijua anaona kwa shida, hakuna aliyejua kwamba haoni kabisa, kwa sababu alihesabu hatua za kwenda kila mahali. Isale lile alilikata kwa kupapasa, akajikata na kidole.

Siku karatasi zako za kwanza zilipokuja, nilianza kumsomea. Nikasoma namba ya kwanza na baki lake. Akanyoosha mkono akasema, "Acha. Weka vema zote. Huyo hakosei hesabu." Nikamwambia Babu, amesema tuzikague. Akasema, "Nilimkagua mara moja na aliyekosea nilikuwa mimi. Weka vema." Nikaweka. Na karatasi ya Mei niliweka hivyohivyo, wala sikuitazama, nilikuwa nimeinjika maharage. Zile vema nyekundu ulizotoa fotokopi ni zangu.

Namba alikuwa hana. Siku ile nilipoiuliza simu, nikamwambia Babu inagawanyika, jibu hili hapa, akanifunika mdomo kwa kiganja. Alisema nisimtajie, ataletewa na mwenyewe. Ya kabatini aliitunga. Alisema ukijua anayo utaona wivu utakaza mwendo, akacheka peke yake. Nilikuwa nayo mimi kwenye simu miezi yote hiyo: 2,071,723, mara 5,363,222,357. Ningetazama mstari wako wa nne hata mara moja ningeiona. Sikutazama, na hilo nitaishi nalo.

Ulipouliza mwezi wa nane kama alisoma mwenyewe, nilimsihi aseme ukweli. Akasema hawezi kumwandikia mwanafunzi wake kwamba amekuwa kipofu. Nikaandika alichosema. Ni uongo, hilo sikatai.

Barua yako ya Novemba nilimsomea barazani. Nilipofika pale uliposema ulikipata tarehe 9 Mei, akanisimamisha. Akaniuliza, "Ameipata?" Nikamwambia ndiyo. Akapiga makofi, Mama Kornelia. Alipiga makofi kama mtoto, akasema, "Nilijua. Nilijua ataipata." Akaniuliza namba ni ipi. Nikapitia barua mpaka chini, nikamwambia hajaiandika. Akasema basi soma yaliyobaki. Ikabidi nimsomee yote, pamoja na lile la kukaa barazani atazame njia.

Nilitaka kukuandikia siku ileile. Nilitaka nipande gari nije Umbwe nikwambie usoni. Alinikatalia, na alikuwa bado baba wa nyumba hii. Alisema atakwambia nini, kwamba alikudanganya kila barua? Alisema umeonewa vya kutosha, kama umeona hiyo ndiyo haki yako, uachiwe. Mimi sikukubaliana naye wakati ule na sasa hivi sikubaliani.

Tarehe 27 alivaa suti yake tangu saa moja asubuhi, akaniambia nimtolee kiti. Walikuja watu watatu, wawili hawakuwa wamesikia kwamba sherehe imefutwa. Jacob hakuja, wala hakupiga simu. Babu aliwaambia wale watatu habari ya moja kumi na saba, yote, mpaka isale la baba yako. Walikuwa wanakunywa soda. Sijui kama walielewa.

Kifua kikamzidi baada ya mwaka mpya. Tulimpeleka hospitali, tukarudishwa naye nyumbani. Amefariki tarehe 5, tumemzika jana. Sikukupa habari ya mazishi kwa makusudi, na sitaki uje.

Ila hili nakuandikia ulijue. Tarehe 3 alikuwa anaongea vizuri. Nilikaa kitandani kwake na simu mkononi, nikamwambia Babu, niruhusu nikutajie namba sasa. Akasema hapana, kesho ni siku ya soko, Flavia atashuka, huenda Kornelia amempa barua. Nikashuka Kwa Sadala asubuhi na mapema. Flavia alikuwa na ndizi tu.

Kindness Nkya